Mnaisingizia Simu Bure!

 Najua nimepotea wiki mbili nzima. Ilikuwa testi juu ya testi, halafu na bumu limechelewa, kwa hiyo hata hamu ya kuandika ilikuwa inapita njia nyingine. Ila leo nimeona nisilale na hili jambo kifuani.

Nimechoka jamani. Nimechoka kusikia kila mtu anayeshika kipaza sauti akisema vijana wa leo hawajui Kiswahili kwa sababu ya simu. Redioni wanasema, kwenye mahafali wanasema, kwenye vikao vya harusi nako kuna mjomba atasema. Na ikifika tarehe 7 Julai, ile Siku ya Kiswahili Duniani ambayo UNESCO waliitangaza mwaka 2021, lazima apatikane mheshimiwa mmoja wa kutusomea hukumu: meseji zimeua sarufi, WhatsApp imeizika. Watu wanapiga makofi, wanagawiwa maji ya chupa, wanarudi nyumbani. Mwaka unaofuata hukumu ni ileile.

Mie nasema si kweli. Tena naenda mbele zaidi: kwa wengi wetu hapa chuo, simu ndiyo daftari pekee la Kiswahili tulilobaki nalo. Anayeilaumu anaona rahisi kuisema simu kuliko kuuliza nani alitakiwa atufundishe kuandika, na alikuwa wapi.

Tuanze na hizo meseji zenyewe, maana wengi wanaozilaani hawajawahi kukaa chini wakazitazama. Chukua hii, ya kawaida kabisa, mtu yeyote mwenye simu nchi hii ameshapata ndugu yake:

"Oya vp, cm yng imezma chaj. 2taonana ksho, mwmbie mdogo wng asnisubr."

Mzee akiiona anashika kichwa. Mie nikiiona naona mtu ambaye sarufi yake iko salama salimini. Tazama vizuri hiyo "yng" na hiyo "wng". Simu ni "yng", mdogo ni "wng". Kwa nini hakuandika "cm wng"? Kwa sababu anajua ngeli! Katika lugha yetu upatanisho unakaa pale mwanzoni mwa neno: wangu, yangu, changu, vyangu, langu, zangu. Irabu ukizitoa, msomaji anazirudisha mwenyewe. Ile konsonanti ya mwanzo ukiitoa, umepoteza kila kitu. Na kijana hakuitoa. Amekata mafuta akaacha mfupa, na hakuna mwalimu aliyemwonyesha mfupa uko wapi. Halafu simu "imezma", ile i- ipo palepale. Hakuandika "amezma" kama vile simu ni mtu.

Sasa njoo kwenye "2taonana". Hiyo 2 haisomwi mbili, inasomwa kama Mwingereza anavyoitaja, kisha inapachikwa mahali panapotakiwa kiambishi cha nafsi. Huyohuyo akitaka kusema kwamba wametuona anaandika "wame2ona", na hapo 2 imehama, sasa ni mtendwa. Akiandika "wa2", imekuwa mzizi wa neno. Kazi tatu tofauti na hakuna hata moja iliyokaa mahali pasipo pake. Au "cjui", "cna", "cwezi", ambapo herufi c inasomwa kwa jina lake la Kiingereza ikawa si. Mtu anatumia lugha mbili kwa mpigo, anaikata silabi palepale inapokatika, anafanya haya kwa kidole gumba kimoja huku ananing'inia kwenye daladala, halafu mnasema hajui lugha. Mngempa mtihani mngeuita uchambuzi wa mofimu na mngetoa alama kumi!

Sisemi vifupisho havina matatizo. "Ss" inaweza kuwa sasa na inaweza kuwa sisi, "hy" ndiyo kabisa, huyo, hiyo, haya, chagua mwenyewe. Lakini hilo ni suala la tahajia, yaani tunaandikaje herufi, na watu wanaochanganya tahajia na sarufi wasingetakiwa kushika kipaza sauti. Sarufi ni namna maneno yanavyojengwa na kupangwa. Mtu anaweza kukosea herufi kumi na sarufi yake ikabaki nzima, na mwingine akaandika kila herufi kwa usahihi halafu sentensi ikawa haisimami. Wa aina hiyo ya pili tunawasikia sana kwenye hotuba.

Tena kinachonichekesha ni hiki. Mwalimu huyohuyo aliyetukemea Jumatatu, Jumatano anafundisha ushairi. Anatuambia mshairi ana ruhusa zake. Mizani zikimzidia anakata neno, na hiyo inaitwa inkisari. Zikimpungukia anarefusha, hiyo ni mazida. Akitaka kupindua mpangilio wa maneno ili vina vikae, nayo ina jina, inaitwa kuboronga sarufi. Jina lenyewe ni kuboronga, na bado haihesabiwi dhambi! Inaandikwa ubaoni, inakuja kwenye mtihani. Mshairi ana mizani 16 kwenye mstari, nane huku na nane kule, na lazima maneno yaingie. Aliyeandika meseji mwaka 2005 alikuwa na herufi 160, ambao ndio ukubwa wa ujumbe mmoja wa SMS. Kipimo hicho tulikikuta, hatukukipanga sisi, SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992 wakati wengi wetu hatujazaliwa. Ukizidisha herufi unahesabiwa ujumbe wa pili na unakatwa tena. Sasa mmoja anakata neno kwa ajili ya mizani anaitwa malenga, mwingine anakata kwa ajili ya salio anaitwa muuaji wa lugha. Haki iko wapi hapo?

Na hivi mnajua "nimeshakula" imetoka wapi? Imetoka kwenye "nimekwisha kula". Watu walikata kwa mdomo, wakakata tena, mpaka leo kwa mazungumzo mtu anasema "keshakuja" au "nshafika" na hakuna anayeshtuka. Hiyo -sha- imo kwenye vitabu vya sarufi, inafundishwa kwa heshima zote, na ni mkato mtupu. Mumewe, mwanangu, nduguyo, yote hayo ni maneno mawili yaliyobanwa yakawa moja. UKIMWI ni ufupisho. Na wale walinzi wakuu wa lugha walioanzishwa mwaka 1967, jina lao la Baraza la Kiswahili la Taifa tunalitamka vipi? BAKITA. Silabi za mwanzo zimekatwa zikaunganishwa, kama meseji vile, teh teh. Sina ubaya nao, kazi yao naiheshimu. Nasema tu kukata maneno ni tabia ya lugha yenyewe.

Kuna hoja nyingine ambayo sijaona mtu akiijibu. Hao waliokuwa wanaandika "2po pmj" mwaka 2005, wako wapi leo? Ndio wanaotufundisha! Ndio wanaosoma taarifa ya habari, ndio mahakimu na maafisa utumishi. Wao ndio walioandikia vile vibonyezo vya kubofya mara tatu kupata herufi c, wao ndio walikuwa na sababu ya kukata kuliko sisi. Shangazi yangu bado anaitunza Nokia 1100 yake kabatini, na siku aliponionyesha meseji alizokuwa anaandikiana na mjomba wakati wa uchumba mwaka 2007, kha! Nilihitaji mkalimani. Leo shangazi yuleyule anaandika barua za ofisi za Kiswahili ambazo ukizisoma unatamani kusimama wima. Kama meseji zinaua sarufi, basi kizazi kile kilitakiwa kiwe cha kwanza kuzikwa. Sisi tuna WhatsApp, hakuna kikomo cha herufi 160, na wengi wetu siku hizi hata hatuandiki, tunarekodi sauti. Ukilinganisha na shangazi, sisi ni wasafi.

Na kabla ya simu, nani alikuwa mchawi? Walilaumu lugha ya mitaani. Wakalaumu Bongo Fleva. Wenzetu wa Kenya wanailaumu Sheng, ambayo vijana wa Nairobi wanaisema toka miaka ya 1970. Kila kizazi lazima kipewe mchawi wake.

Sasa niwaambie kwa nini leo nimekasirika hasa, maana haya mengine ningeyavumilia.

Mwenzangu wa chumba anasoma ualimu, na mojawapo ya masomo yake ya kufundishia ni Kiswahili. Ni mtu wa Tarime, Kiswahili alianza kukitumia kwa dhati alipoanza shule, nyumbani kwao ni Kikurya asubuhi hadi jioni. Wiki iliyopita walirudishiwa insha zao kwenye semina. Aliyekuwa anawasimamia akaichukua ya kwake, akasoma mistari mitatu kwa sauti mbele ya watu, kisha akasema hiki ndicho Kiswahili cha WhatsApp, hii ndiyo hasara ya kulala na simu. Darasa likacheka. Yeye akacheka pia, si unajua vile mtu anavyocheka ili isionekane. Akarudi chumbani akajilaza na viatu, akaniuliza, "Kaka, kwani mie nimeandika 2 wapi?"

Nikaichukua insha nikaisoma yote, kurasa tano. Hakuna 2. Hakuna c. Hakuna "nn", hakuna "xaxa", hakuna hata kifupisho kimoja cha meseji kuanzia juu mpaka chini. Makosa yapo, na ni mengi, wala simtetei kwa hilo. Lakini ni makosa gani? Aliandika mwandishi "ameerezea", badala ya ameelezea. Aliandika "adi mwisho", ile h ikamponyoka. Na aliandika kwamba wahusika wa riwaya "hawa wezi kujikomboa".

Hebu tuyachukue moja moja. Kikurya hakina l na r mbili tofauti kama Kiswahili, na si Kikurya peke yake, lugha nyingi za kwetu ziko hivyo. Masikio ya mtoto yamezoea sauti moja, kalamu itaandika nini? Kura na kula zimekuwa zikigongana kwa ndimi za watu toka babu zetu, wakati simu ni ile ya upepo ya posta. Ile h nayo ni hivyohivyo, watu wanasema "apana" na "hasante" na hawajawahi kumiliki simu maishani. Hayo ni matamshi, na matamshi yanarekebishwa kwa kumkalisha mtu chini na kumfundisha jozi za maneno: kura na kula, mahari na mahali, rudi na ludi (hiyo ya pili haipo, ndiyo maana ni rahisi). Huwezi kuyarekebisha kwa kumcheka.

Sasa hiyo "hawa wezi". Ukiisoma jinsi ilivyo, wahusika wameshakuwa vibaka! Ni kosa kubwa, limegeuza maana, na hilo kweli ni la sarufi. Lakini limetoka wapi? Limetoka kwenye jambo ambalo kwa maisha yangu yote ya shule sikuwahi kuona likielezwa vizuri ubaoni. Kiswahili kina vineno vinavyosimama peke yake na vingine vinavyofanana navyo vinavyotakiwa kuungana. "Ana gari" unatenganisha, kwa kuwa hapo -na ni ya kumiliki na gari ni nomino inayojitegemea. "Anaendesha" unaunganisha, kwa kuwa hapo -na- ni njeo, imo tumboni mwa kitenzi. "Si mwalimu" mbali, "sijui" pamoja. "Ni mgonjwa" mbali, "ninaumwa" pamoja. "Hawa wanafunzi" mbali, "hawawezi" pamoja. Mtoto asiyeelezwa sababu anakisia, na akikisia ataandika "ana endesha", "nina umwa", "hawa wezi". Dakika ishirini za mwalimu anayejua zingetosha. Dakika ishirini tu.

Na ushahidi kwamba simu haihusiki uko kila kona. Pita mtaani usome kuta. "USI KOJOE HAPA." "NYUMBA HII HAI UZWI." Hiyo imeandikwa kwa brashi na rangi, tena na mtu mzima mwenye nyumba yake. Brashi ina WhatsApp? Nenda shule za bweni, ambako nyingi zimepiga simu marufuku na mwanafunzi akikamatwa nayo inavunjwa mbele ya mstarini. Hao watoto wanakaa miezi bila kugusa simu. Kama simu ndiyo ugonjwa, madaftari yao yangetakiwa yawe yanang'aa. Kafunueni myaone.

Lakini kilichonimaliza ni hiki. Nilimwomba mwenzangu anionyeshe simu yake. Nikatafuta meseji alizomwandikia mdogo wake, nikakuta hii: "hawawez kulipa leo". Imeungana! Imepungua i ya mwisho, lakini neno ni moja, hawawez, kama linavyotakiwa. Kwenye simu anaandika anavyosikia lugha kichwani, haraka, na kichwa chake kinajua. Kwenye karatasi ya chuo anaingiwa na hofu, anaanza kupima kila silabi, anatenganisha. Sarufi yake ya kwenye simu ilikuwa bora kuliko ya kwenye insha. Na yule aliyemcheka akaona simu ndiyo iliyomwaribia. Samahani, iliyomharibia, maana nisije nikachekwa na mie.

Huyu jamaa miezi michache ijayo anakwenda mazoezi ya kufundisha. Atasimama mbele ya kidato cha pili, watoto wa kwao, wenye masikio kama yake, wanaoandika "hawa wezi" kama yeye. Atawaambia nini? Atawaambia alichoambiwa: acheni simu. Watoto ambao simu zenyewe hawana! Kosa litabaki palepale, litapita kwake, litapita kwao, na kila mwaka tarehe 7 Julai mheshimiwa atapanda jukwaani kupigiwa makofi. Na yeye tangu siku ile hajanyoosha mkono kwenye semina. Juzi alikuwa ananiuliza kama bado inawezekana kubadilisha masomo ya kufundishia, abaki na Historia tu.

Najua mtaniletea utafiti, kwa hiyo niutaje mwenyewe. Hata hii kelele yenyewe tumeiagiza nje. Mwaka 2007 mtangazaji wa Uingereza John Humphrys aliandika kwenye gazeti la Daily Mail akiwafananisha waandika meseji na Genghis Khan, naam, yule mvamizi wa Mongolia. Mwaka 2008 mtaalamu wa isimu David Crystal akatoa kitabu kizima, Txtng: The Gr8 Db8, kupinga hofu hiyo. Beverly Plester na Clare Wood wa Chuo Kikuu cha Coventry, katika tafiti walizochapisha na wenzao mwaka 2008 na 2009, waliona watoto wa miaka kama 10 hadi 12 waliokuwa hodari wa vifupisho walielekea kuwa hodari wa kusoma na tahajia pia. Lakini mwaka 2012 Drew Cingel na Shyam Sundar, kule Marekani, wakaja na matokeo yaliyokwenda upande mwingine, kwamba wanafunzi waliotumia zaidi lugha ya meseji walipata alama za chini kwenye jaribio la sarufi. Basi, mizani haijalala upande mmoja, siwafichi. Ila zote hizo ni za Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake ni balaa tupu, mtu anaandika hivi anasoma vile. Kiswahili unaandika unavyotamka. Huwezi kuchukua homa ya London ukaitibu Tarime kwa dawa ileile.

Haya, tuje kwenye jambo lenyewe ambalo hakuna anayetaka kulisema.

Mie nasoma takwimu. Kidato cha tano na cha sita nilichukua PCM. Mara ya mwisho kuandika insha ya Kiswahili, ikasahihishwa na mtu akaniambia hapa umekosea kwa sababu hii, ilikuwa kidato cha nne. Tangu hapo hakuna! Lekcha ni Kiingereza, testi ni Kiingereza, ripoti ya mazoezi kwa vitendo ni Kiingereza, kozi ya stadi za mawasiliano tuliyosoma mwaka wa kwanza nayo ni Kiingereza, tunafundishwa kuandika barua ya kuomba kazi kwa mtu ambaye pengine ni mwenyeji wa Singida kama mie. Sasa Kiswahili changu cha maandishi nakifanyia mazoezi wapi? Kwenye simu. Namwandikia mama, nawaandikia wenzangu kwenye kundi la darasa, nabishana mpira, natongoza (siri yangu hiyo). Kwa siku naandika Kiswahili kingi kwa kidole gumba kuliko nilivyoandika kwa kalamu muhula mzima wa kidato cha tatu. Ukininyang'anya simu hujaokoa sarufi yangu, umenimalizia Kiswahili cha maandishi kabisa.

Kwa hiyo shule imetuachia katikati ya njia, simu imetuokota, halafu shule inakuja kuilaumu simu kwamba imetulea vibaya. Duh!

Na kama kuna kosa la simu, basi si lile mnalolisema. Kosa la simu ni kwamba nyingi zinatoka dukani zikijua Kiingereza tu. Unaandika "wote" inakugeuzia "wrote". Kibodi za Kiswahili siku hizi zipo, lakini nani anakwambia zipo? Na kwenye kompyuta, ukifungua ukurasa ukaandika aya ya Kiswahili, yote inapigiwa mstari mwekundu, lililo sahihi na lililokosewa. Matokeo yake tumezoea. Mwanafunzi wa Kiingereza akiona mstari mwekundu anasimama anajiuliza. Sisi tukiuona tunapita, kwa kuwa hautuambii kitu, "hawawezi" ina mstari na "hawa wezi" ina mstari. Kifaa ambacho kingeweza kutusahihisha bure, usiku na mchana, kimefundishwa kutuona wote wakosaji.

Si kazi rahisi, najua. Kitenzi cha Kiingereza kama write kina sura tano tu. Cha kwetu? Chukua andikia. Nafsi sita, njeo nne (na, li, ta, me), mtendwa mmoja kati ya sita au asiwepo: 6 mara 4 mara 7 ni sura 168, ukitoa chache zisizotumika kama "ninaniandikia". Na hapo sijagusa ngeli, sijagusa kukanusha, sijagusa andikwa, andikiana, andikisha. Huwezi kuorodhesha maneno tu, lazima uifundishe mashine sarufi yenyewe. Lakini wapo waliothubutu zamani, mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Ingekuwa hela ya maji ya chupa ya kila tarehe 7 Julai inakwenda huko, tungefika mbali.

Wapo watakaosema, mbona wengine kweli wanaandika "cjui" kwenye mtihani? Wapo, na wakatwe alama, sina shida. Ila huo ni utovu wa adabu ya mahali, mtu ameingia kwenye harusi na kandambili. Unamrudisha akavae viatu. Humpeleki hospitali ukasema miguu yake imeoza!

Ninachotaka mie ni kidogo. Kila anayeingia chuo, awe wa udaktari au wa kilimo, apewe muhula mmoja wa kuandika Kiswahili, aandike, asahihishwe, aelezwe sababu. Wanaosomea ualimu wa Kiswahili waelezwe hiyo habari ya ana gari na anaendesha mpaka waote ndotoni, na wanaotoka kwenye lugha zisizo na l na r wapewe mazoezi yao bila kuchekwa. Na yule aliyesoma insha ya mwenzangu kwa sauti amwite ofisini, hata dakika ishirini zile, amwonyeshe kosa liko wapi.

Anayebisha namkaribisha, ila asije mikono mitupu. Aniletee meseji moja tu ya kijana wa hapa kwetu iliyoandikwa "wa2 zimekuja" au "k2 yangu". Wasomaji wa Nairobi mtulie, najua kwenu "kitu yangu" ipo, lakini mliisema kwa mdomo kabla simu hazijafika. Nasubiri hiyo meseji. Kwa sasa nakimbilia kantini, maharage yakiisha hakuna wa kunipa pole.